Karanga za Sofia

Mwanza,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada Saumu, shikamoo.

Marahaba yako nimeisikia huku huku, na najua umeiitikia huku umekunja uso. Haki yako. Mtu anakutumia ujumbe, "Dada, nitayarishie chumba cha uani, nakuja na mtoto, Mama usimwambie," halafu anazima simu siku mbili nzima, na akiiwasha kila ukimwuliza anajibu "tutaongea," mwezi mzima tutaongea. Ningekuwa wewe ningeshapanda basi kuja kunitia makofi. Nisamehe, dada yangu. Kwanza niambie mguu unaendeleaje. Ile dawa ya kuchua aliyokupa mama mdogo imesaidia, au imekuachia harufu tu? Na Mama je, presha imetulia? Bado anakataa chakula kisicho na chumvi, ati yeye hajafungwa jela? Sisi huku tu wazima. Rehema ameota meno ya mbele mawili kwa mpigo, anatafuna kila kitu hadi penseli za shule. Baba yake naye mzima, anakohoa kidogo. Na hicho kikohozi ndicho kilicholeta yote haya.

Chumba usikifagie. Siji. Nikija nitakuja kukusalimia kama mke wa mtu, si vinginevyo.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hapo Muheza inapokelewa na yeyote aliye karibu, halafu anaweka sauti kubwa, na siri yangu inafika kwa majirani kabla haijafika kwako. Halafu, dada, simu ndiyo iliyoniponza. Barua ina uzuri wake, herufi ukishaiandika haigeuki njiani. Utaelewa mbele. Anayekuletea ni jirani yangu, anakuja Tanga kwa harusi ya mwanawe. Mpe chai, lakini usimwulize lolote kuhusu mimi, maana atakujibu.

Ngoja nianze mwanzo. Kazi ya Baba Rehema unaijua, kutengeneza injini za boti pale mwaloni, boti zinapoegeshwa na samaki kushushwa. Miaka yote banda lake la kazi lilikuwa hatua chache tu kutoka majini, wateja wanamjia hadi kutoka kisiwani Nansio. Basi masika haya mwenye eneo akauza, na mafundi wote wakaambiwa watafute pa kwenda, wakapewa miezi mitatu. Mtu mmoja akamshauri ahamie Usagara, ati viwanja viko vingi. Usagara, dada! Njia panda, nchi kavu. Akamtengenezee nani injini za boti huko, ng'ombe?

Mawazo yakamwingia, na mawazo ya mume wangu hutokea mdomoni kwa moshi. Pakiti moja kwa siku ikawa pakiti na nusu. Anaamka anavuta kabla ya kunawa uso. Mto, pazia, hata nywele za mtoto, vyote vikanuka. Na zile ngazi zetu za mawe, ulizozilaani ulipokuja kwenye arobaini ya Rehema, akawa hazipandi bila kusimama mara tatu, kashika jabali. Siku moja alikuwa anapandisha mtungi wa gesi. Akafika katikati, akauweka mtungi chini, naye akakaa chini. Mimi niko juu namwona, nataka kushuka, akaniashiria kwa mkono nisije. Alikuwa anaona aibu, na pumzi hana.

Miaka tisa, Dada Saumu, nimemsihi aache. Nimelia, nimenuna. Nimezilowesha pakiti kwenye ndoo ya maji. Nimezificha kwenye pipa la mchele hadi pilau ya Idi ikanuka tumbaku mbele ya wageni. Ramadhani anafunga vizuri tangu alfajiri, lakini ikiadhiniwa magharibi mimi niko na sahani ya tende mkononi, yeye yuko nje anafuturu kwa sigara. Mwaka juzi aliwahi kuacha siku nne, ghafla, kwa hasira tu baada ya kugombana na mimi. Siku ya nne akawa anatetemeka, anamfokea mtoto kwa kumwaga maji, mwenyewe hajielewi. Nikamwonea huruma. Nikaenda dukani nikamnunulia moja, na nikamwashia mwenyewe. Hilo la kumwashia sikuwahi kukuambia. Liweke akilini.

Sasa, siku chache baada ya ule mtungi wa gesi nikaanza kuona moshi unapungua nyumbani. Asubuhi ananawa uso kwanza. Nikafurahi, nikasema dua zangu zimefika. Wiki zikapita, nami namtazama tu, nisije nikatia mkosi. Mpaka siku moja niko nafua, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli lake nikakuta maganda ya karanga.

Mume wangu hali karanga. Nikimpikia mchicha wa karanga anauchambua kama mtoto. Wenzangu hukuta rangi ya mdomo kwenye kola, mimi nimekuta maganda, na jasho lilinitoka vile vile.

"Hizi karanga za nani?" nikamwuliza.

"Za Sofia," akasema. Hivyo tu, wala hakubabaika.

Sofia ni yule mwenye kibanda pale chini, ngazi zetu zinapoanzia. Anauza chai, maandazi, vocha na sigara moja moja. Aliolewa huko Magu, akaachika, akarudi kwa baba yake. Umri wake kama thelathini. Ana mwanya, dada. Ana shingo. Ana sauti ya chini, hata akikunyima kitu unajikuta umemshukuru. Ni Mjita kama mume wangu, kwa hiyo wakikutana wanaongea kikwao, na mimi nabaki nimesimama pale na Kiswahili changu cha Muheza kama mgeni wa serikali.

Kumbe siku ile ya mtungi ndiye aliyemwona amekaa kwenye ngazi. Jioni alipokwenda kununua sigara akamwambia, "Fundi, leo nakuuzia tano, sikuuzii zaidi. Wewe hata nyumbani kwako hufiki." Muuzaji anakataa kuuza, umewahi kuona? Wakakaa wakapatana. Pakiti anainunua asubuhi, lakini inakaa kwake Sofia, kwenye kopo la majani ya chai. Anampa moja moja kwa saa zake. Akija kabla ya saa, anampa karanga za kukaanga na kumwambia, "Tafuna hizi kwanza. Zikiisha na bado unataka, urudi." Baba yake Sofia, Mzee Bwire, ndivyo alivyoacha, na alivuta tangu ujana. Wiki ya kwanza kumi na tano, ya pili kumi na mbili, halafu kumi, halafu nane. Wakati ananisimulia alikuwa yuko kwenye sita. Ananisimulia macho yanang'aa, utadhani Rehema kaleta ripoti ya shule.

Nikamwuliza, "Na kwa nini mimi nisikuwekee hilo kopo?"

Akajikuna kichwa. "Wewe... achana nayo tu, Zuhula."

Ndiyo, Zuhula. Tangu anioe hajawahi kuniita Zuhura hata siku moja. Watu wa huku, dada, r na l kwao ni ndugu wanaoazimana nguo. Mtoto wake anamwita Lehema. Masanja, fundi mwenzake, Msukuma wa watu mpole, anasema "habali" na "sigala," halafu "kulala" anaigeuza "kurara." Nimewacheka miaka yote tisa. Nawasahihisha mezani, namsahihisha na mtoto. Nilikuwa najiona mimi ndiye mwenye masikio.

Basi wivu ukanishika. Nisikuzungushe, ulinishika hasa, nikakosa usingizi na chakula. Pale nje ya mlango wetu pana lile jabali kubwa tunaloanikia dagaa. Ukisimama nyuma yake unakiona kibanda cha Sofia chote, hadi birika. Nikaanza kuchungulia. Sigara sita ni mara sita kwa siku mume wangu anasimama mbele ya mwanamke yule akinyoosha mkono, na mara sita mimi niko nyuma ya jabali. Nilijua saa zao kuliko saa za swala. Namwona anafungua kopo, namwona anacheka na ule mwanya wake, namwona mume wangu anapokea na kutikisa kichwa kwa adabu. Kwangu hunyoosha mkono kupokea sahani, na macho yako kwenye simu.

Na nikuambie kilichoniuma kuliko vyote. Si uzuri wake. Ni kwamba kamwambia mara moja tu, naye akatii. Mimi nimesema miaka tisa! Machozi yangu, pilau yangu ya Idi, vyote havikufua dafu, halafu anakuja mwuza maandazi anasema "sikuuzii," na mwanamume analainika. Nilikuwa namwona anapona, dada, anapanda ngazi akisimama mara moja tu badala ya tatu, na roho inaniuma kwa sababu dawa haikutoka mkononi mwangu. Nikamwombea apone na nikamchukia aliyemponya, kwa pumzi moja.

Sasa njoo kwenye simu. Ilikuwa asubuhi, saa nne. Baba Rehema kaiacha simu yake nyumbani kwenye chaji. Ikaita, nikapokea. Masanja.

"Shemeji, habali za asubuhi. Fundi yupo?"

Nikamwambia hayupo, simu kaiacha.

"Basi akija mwambie mambo yameiva. Mahari imepatikana kwa kina Sofia. Mzee Bwire amekubali. Ijumaa aende wakamalizane."

Nilikaa kitandani. Nikajikaza nikauliza, "Na Sofia mwenyewe anasemaje?"

"Aah, shemeji! Sofia ndiye aliyemwombea kwa baba yake. Amefulahi sana."

Mahari. Nimesikia mahari kwa masikio yangu haya mawili, mahari kwa kina Sofia, mzee kakubali, binti kafurahi, Ijumaa wanamalizana. Dini inamruhusu. Mwanamke anaishi chini ya ngazi zangu, hata gari la kuhamisha vyombo halihitajiki. Nikashusha begi kutoka juu ya kabati. Nikakutumia ule ujumbe, nikazima simu yangu usije ukanipigia nikalia. Halafu, badala ya kupanga nguo nikaondoka kama nilivyosema, nikafanya jambo ambalo ndilo hasa nililokaa kukuandikia.

Nilikwenda duka la upande wa juu, si kwa Sofia, nikanunua pakiti nzima ya sigara na kiberiti kipya.

Usiniulize akili yangu ilikuwa wapi. Nilisema moyoni, kinachompeleka kwa Sofia ni sigara, basi nikimwekea sigara nyumbani hatakuwa na cha kumpeleka. Wiki ile alikuwa ameshuka hadi tano. Mchana akaja kula. Nikamwekea ugali, sato, mchuzi, na kando ya sahani nikaweka ile pakiti.

Akaitazama. "Hii ya nani?"

"Yako. Una mawazo mengi, mume wangu. Vuta upumzike."

Nilisema kwa sauti ya chini, tamu. Sauti ya Sofia, dada. Nilimwigiza.

Akasema, "Zuhula, usinifanyie hivi."

Nikamsogezea kiberiti.

Mwanamume alikuwa amebakiwa na wiki mbili tu za kuhama, halali vizuri, wateja wanaanza kumkimbia. Alikaa na ile pakiti mbele yake mpaka mchuzi ukapoa. Halafu akaifungua. Akavuta moja, akavuta ya pili papo hapo, ugali hakuugusa. Hakurudi kazini. Saa kumi nikaenda nyuma ya jabali langu kuchungulia, kibandani hakuna mtu ila Sofia, kasimama anaangalia njia. Nikafurahi. Sikufichi, nilifurahi kweli, nikarudi ndani ninaimba.

Kufika magharibi alikuwa amevuta kumi na moja. Kikohozi kikamshika pale uani, kikamkunja, akatapika. Rehema akamletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe, akamwuliza, "Baba, si ulisema unazipunguza?" Aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia sufuria.

Asubuhi yake nikajifunga kanga yangu nyekundu, nikashuka ngazi kwenda kumaliza mambo. Sofia alikuwa anamimina chai, Mzee Bwire kakaa kando yake anamenya karanga kwenye ungo.

"Karibu, wifi," akasema.

"Wifi kwa kipi? Wifi au mke mwenza? Sema moja nijue."

Akaweka birika chini. Wateja wawili wakasahau maandazi yao. "Mke mwenza wa nani?"

"Mahari si imeshakubaliwa? Ijumaa si mnamalizana? Au mlifikiri sitajua?"

Sofia akanitazama, akamtazama baba yake. Yule mzee akaacha kumenya. "Mahari gani, mama?" akasema. "Mimi nimempa fundi mahari ya kuweka injini zake. Ile pale." Akanyoosha kidole chenye vumbi la maganda ya karanga upande wa ziwa, nyuma ya nyumba yake, palipoegemezwa mabati mapya na nguzo nne.

Mahali, dada. Mahali! Mahali pa kufanyia kazi, hatua ishirini kutoka majini, mume wangu alipokuwa anapahangaikia usiku na mchana. Wangesema "mahali pamepatikana" kama tusemavyo sisi, ile "pa" ingeniokoa, lakini huku kila kitu ni "imepatikana." Na nisiwasingizie watu. Maneno kama hayo ya Masanja nimeyasikia miaka tisa na siku zote nikayanyoosha mwenyewe kichwani bila shida. Siku ile sikunyoosha. Ile r niliiweka mimi.

Nilidhani Sofia atanicheka. Hakucheka. Aliuliza, "Jana fundi hakuja saa kumi, wala jioni. Yuko salama?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia. Nikamwambia mbele ya wateja na mzee, kwamba nilimnunulia pakiti nzima na kiberiti juu.

Akachukua lile kopo la majani ya chai, akalifunika, akaliweka chini ya meza. "Wiki saba," akasema. "Wiki saba, wifi."

Heri angenitukana. Nikasimama pale, sina pa kuweka mikono. Halafu, kwa sauti yake ile ile ya chini, akaniambia, "Na kule juu kwenye jabali tunakuona kila siku. Kanga yako hiyo nyekundu inaonekana hadi mwaloni. Mimi nilitaka nikupungie mkono, fundi ndiye aliyenikataza, alisema utaona aibu." Akakunja karatasi, akaijaza karanga, akanipa. Nikamwambia mume wangu haji tena leo labda. Akasema, "Hizi si zake. Ni zako. Za kutafuna ukiwa kule juu."

Mshenzi. Nikazipokea.

Mchana nilimkuta Baba Rehema huko kwenye kiwanja kipya, hata Ijumaa hakuingoja, anapigilia bati peke yake. Masanja alikuwa amekwishamweleza habari za simu na lile swali langu la Sofia, basi alikuwa anajua kila kitu. Akasema bila kugeuka, "Uliniuliza kwa nini sikukupa wewe kopo. Nilijua utanionea huruma. Ulishanionea mara moja, ukaniwashia kwa mkono wako. Sofia hanionei huruma. Nikimwomba kabla ya saa ananipa karanga, basi." Akapigilia msumari, akapigilia mwingine. "Lakini jana haikuwa huruma, Mama Lehema. Ilikuwa nini?"

"Wivu," nikasema.

"Ya huruma ningekusamehe upesi," akasema, akarudi kwenye bati lake.

Umeona alivyoniita? Mama Lehema. Siku nne aliniita hivyo, kwa heshima, kama wanavyoniita watu wa sokoni. Sikujua kama naweza kuililia ile Zuhula ambayo miaka yote nimeicheka. Nilikuwa nampikia, anakula, anasema asante Mama Lehema, anatoka. Begi lilikuwa bado liko sakafuni. Siku zile ndizo ulizokuwa unanipigia nami nasema tutaongea. Ningekuambia nini? Kwamba nimemwona mume wangu anapona nikamrudisha ugonjwani ili mwanamke mwingine asiwe ndiye aliyemponya?

Siku ya tano nilikuwa nyuma ya jabali, ndiyo, bado nilikuwa nachungulia, sijafa. Nikamwona anakuja kibandani. Sofia kafungua kopo, kampa moja. Akapokea, akainua macho moja kwa moja hadi kwangu, akapaza sauti kutoka kule chini watu wote wakageuka, "Zuhula! Leo tumeanza upya, kumi! Wewe je, unachungulia mara ngapi?"

Nikajificha. Baadaye nikacheka mpaka nikakaa chini. Jioni nikalirudisha begi juu ya kabati.

Basi ndivyo tunavyoishi sasa. Kopo liko kwa Sofia na litabaki kwa Sofia, nimekubali, ingawa kukubali kwangu usikupime sana. Banda jipya limesimama, wateja wa Nansio wamepata njia. Kumi ikashuka ikawa nane, nane ikawa sita, na juzi amefika tena kwenye tano, pale pale nilipomharibia. Ngazi anasimama mara moja. Nami nikaona haya mtu anapunguza, mimi nakaa pale pale, nikajipangia zangu. Yeye sigara tano, mimi kuchungulia mara tatu. Kuacha kabisa siwezi, dada, nisikudanganye, nikijaribu ghafla nitamfokea mtoto kwa kumwaga maji. Roho ikiwasha kabla ya saa, natafuna karanga.

Nisalimie Mama, mbusu mkono kwa niaba yangu, na haya usimsomee, mwambie tu mkwewe anapunguza sigara. Shemeji mumeo msalimie, mwambie ile redio yake Baba Rehema ameipatia kifaa. Mama mdogo wa dawa za kuchua mwambie aniwekee chupa moja, magoti yangu na ngazi hizi hayapatani. Binamu yetu fundi cherehani mkumbushe sare ya Rehema, vipimo vyake ongeza kidogo, amerefuka. Na mwanao wa kike, akichumbiwa na mtu wa huku Ziwani, mwambie aulize maneno mara mbili.

Ninapoandika hapa imefika saa kumi. Leo Jumapili Baba Rehema yuko nyumbani. Amevaa kandambili, kasema, "Zuhula, nashuka mara moja," na sasa nasikia hatua zake kwenye ngazi, halafu namsikia yule anacheka. Anacheka nini? Kuna nini cha kuchekesha kwenye sigara moja? Nimeshachungulia mara mbili leo na ya tatu nimeiweka ya jioni, kwa hiyo kanga nyekundu iko msumarini, nami niko kitini, kalamu mkono mmoja, mkono mwingine umo kwenye karatasi ya karanga. Nimezitafuna, nimezichunguza. Kazikaanga kwa moto mdogo, chumvi imekolea sawasawa, haikuungua hata moja. Zangu huwa zinaungua. Ni tamu, Dada Saumu. Na hilo nalo linaniuma.

Mdogo wako,
Zuhura
(huku, Zuhula)